Kigae Kisicho na Pindo: Uhakiki wa Mandharinyuma za Kanga Zinazotengenezwa kwa Programu za Kuhariri Picha

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna programu za kuhariri picha zinavyotumika kutengeneza mandharinyuma zenye sura ya kanga kwa ajili ya kadi za mialiko, mabango na majalada. Hoja kuu ni kwamba udhaifu wa mandharinyuma hizo hautokani na kuwa ni nakala, kwa kuwa kanga yenyewe ni zao la kiwanda, bali unatokana na kipimo cha urudiaji kinachochaguliwa. Kiwanda hurudia kanga nzima. Msanifu wa picha hurudia kipande. Katika badiliko hilo pindo hupotea, jina hukatwa au hufutwa, na kanga hugeuka kuwa kitenge. Makala yanachambua hatua za utengenezaji, yanaonesha athari zake kwa maana, yanajibu hoja kinzani tatu, na yanapendekeza utaratibu unaotunza muundo wa kanga ndani ya programu hizohizo.

1.0 Utangulizi

Kanga ilitumika kuwa usuli kabla ya kompyuta kufika. Ilitandikwa juu ya meza, ilitundikwa ukutani nyuma ya bibi harusi, na ilifunika vitu ambavyo havikupaswa kuonekana. Katika matumizi hayo yote ilibaki kanga: ilikuwa na ncha zake nne, pindo lake na maneno yake, na mgeni aliyeingia ukumbini aliweza kuyasoma. Programu za kuhariri picha zimeleta usuli wa aina nyingine. Photoshop ilitolewa mwaka 1990, ikapata mfumo wa matabaka mwaka 1994; GIMP, inayopatikana bila malipo, ilianza kutolewa mwaka 1996. Kwa programu hizo msanifu anaweza kukata sehemu ndogo ya picha ya kitambaa, kuirudia mara nyingi apendavyo, na kujaza uso wa ukubwa wowote.

Uhakiki wa kanga umejikita zaidi katika jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Yahya-Othman (1997) amelijadili jina kama sauti ya wanawake katika jamii ya Waswahili. Beck (2001) amelichunguza kama mawasiliano yenye utata wa makusudi. Zawawi (2005) ameieleza kanga kuwa kitambaa kinachosema. Kazi hizo zinaitazama kanga iliyovaliwa, iliyotolewa zawadi au iliyohifadhiwa sandukuni. Makala haya yanaitazama kanga iliyogeuzwa kuwa mandharinyuma ya picha, na yanauliza swali moja: je, kitambaa kinachosema hubaki kinasema kinapowekwa nyuma ya maneno ya mtu mwingine?

2.0 Kanga kama Utunzi Wenye Mipaka

Kanga ya kawaida ina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa takriban sentimita 110. Huuzwa kwa doti, yaani kanga mbili zinazofanana. Ina sehemu kuu tatu. Pindo ni ukingo unaoizunguka pande zote nne. Mji ni eneo la kati lenye nakshi kuu. Jina ni maneno yanayochapwa sehemu ya chini ya mji, juu kidogo ya pindo. Sehemu hizi hazikuwekwa kwa bahati. Pindo humweleza mtazamaji mahali kitambaa kinapoanza na kinapoishia. Mji humpa macho kituo. Jina humpa mvaaji neno la kusema au la kukana kwamba amelisema.

Historia ya kitambaa hiki inatia nguvu dai kwamba mipaka ni sehemu ya asili yake. Kanga inahusishwa na leso za mraba ambazo katika karne ya 19 wanawake wa pwani walizinunua zikiwa hazijakatwa na kuziunganisha kuwa nguo moja pana. Kila leso ilikuwa na ukingo wake. Wafanyabiashara walipoanza kuagiza nguo iliyochapwa nzima, walihifadhi wazo la ukingo na kulipanua likazunguka nguo yote. Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara Mombasa mwaka 1887 na ambaye chapa ya «Mali ya Abdulla» imeendelea kufahamika, ni miongoni mwa wafanyabiashara waliohusika sana na kanga yenye jina. Maneno ya awali yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha herufi za Kirumi zikashika nafasi. Kwa miongo mingi kanga zilichapwa ng'ambo, zikiwemo Uingereza, Uholanzi, India na Japani, kabla ya viwanda vya Afrika Mashariki, kikiwemo cha Urafiki jijini Dar es Salaam, kuzichapa kwa wingi.

Nadharia ya mapambo inasaidia kuyapa majina yanayoonekana hapa. Gombrich, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu saikolojia ya mapambo, anabainisha matendo matatu ya msingi ya mpambaji: kuzungushia fremu, kujaza na kuunganisha. Kanga hufanya matendo yote matatu. Pindo huzungushia, nakshi za mji hujaza, na vinakshi vya pembeni huunganisha pindo na mji ili macho yapite bila kukwama. Kitenge hakifanyi hivyo. Kitenge huuzwa kwa yadi, nakshi zake huendelea kutoka mwanzo wa jora hadi mwisho wake, na mnunuzi hukata anapotaka bila kuharibu utunzi. Kitenge hujaza na kuunganisha, lakini kwa kawaida hakizungushii. Tofauti hii ndiyo msingi wa uhakiki unaofuata.

3.0 Hatua za Utengenezaji

Ili kuhakiki zao ni sharti kwanza kufahamu kazi inavyofanyika. Mandharinyuma ya kanga hupitia hatua tano za kawaida.

Hatua ya kwanza ni kuchukua picha. Msanifu mwenye skana ya ukubwa wa A4 ana kioo cha sentimita 21 kwa 29.7, sawa na sentimita za mraba 624 hivi. Kanga ina sentimita za mraba 16,500. Skana kwa hiyo huona chini ya asilimia 4 ya kanga kwa mara moja. Kuiskani kanga yote kwa nukta 300 kwa inchi kungehitaji kuunganisha vipande zaidi ya 26, na picha ya mwisho ingekuwa na pikseli zipatazo milioni 230. Kifaa chenyewe, kabla ya uamuzi wowote wa kisanaa, kimekwisha kumwelekeza msanifu achague kipande. Kipande kinachovutia zaidi huwa ni cha mji, ambako kuna ua, korosho, ndege au nanasi.

Hatua ya pili ni kukata kigae, yaani mraba mdogo utakaorudiwa. Kigae cha pikseli 512 kwa kila upande, kinapochapwa kwa nukta 300 kwa inchi, huwa na upana wa sentimita 4.3.

Hatua ya tatu ni kuficha mishono. Vigae viwili vikiwekwa sambamba bila maandalizi, mstari huonekana vinapokutana. Njia ya kwanza ya kuuondoa ni kusogeza picha kwa nusu ya upana na nusu ya kimo chake, ili kilichotoka upande mmoja kiingie upande wa pili. Kingo za zamani hukutana katikati na kuunda msalaba wa mishono, ambao msanifu huufuta kwa kifaa cha kunakili rangi kutoka sehemu jirani. Njia ya pili, iliyo rahisi zaidi, ni kugeuza kigae kama kwenye kioo: nakala moja hupinduliwa kushoto kwenda kulia, nyingine juu kwenda chini, hata kila ukingo ukutane na mfano wake.

Hatua ya nne ni kukihifadhi kigae kama ruwaza na kuijaza kwenye tabaka zima. Bango la ukubwa wa A2, lenye sentimita 42 kwa 59.4, litabeba kigae kilichotajwa takriban mara 133.

Hatua ya tano ni kutia sura ya ufumaji na kufifisha. Tabaka la rangi ya kijivu hutiwa chengachenga, kisha huvutwa kwa ukungu wa mlalo. Nakala yake huvutwa kwa ukungu wa wima. Mawili hayo huchanganywa ili yaonekane kama mtande na mshindio. Wengine huruka kazi hiyo na kutumia kichujio cha umbile kinachokuja na Photoshop, chenye chaguo la turubai ya mchoraji, gunia, mchanga na tofali. Mwishowe mandharinyuma hupunguzwa nguvu ya rangi ili maandishi ya kadi au bango yasomeke juu yake.

4.0 Uhakiki

4.1 Kipimo cha urudiaji

Ni rahisi kuzishutumu mandharinyuma hizi kwa kuwa ni za bandia. Shutuma hiyo haina uzito. Benjamin, katika insha yake ya miaka ya 1930 kuhusu sanaa katika zama za unakilishaji wa mashine, aliandika juu ya kazi iliyokuwa na nakala halisi moja kisha ikazaliana. Kanga ya kiwandani haikuwahi kuwa na nakala halisi moja. Ilizaliwa ikiwa nyingi. Mwanamke anayenunua doti hanunui mfano wa kanga fulani iliyo makumbusho, ananunua kanga. Hali kadhalika vitenge vya nta vya Uholanzi, ambavyo kampuni ya Vlisco iliyoanzishwa Helmond mwaka 1846 imevifanya maarufu, vilianza kama uigaji wa batiki ya Java kwa mashine. Mipasuko ya nta iliyoacha mishipa ya rangi juu ya kitambaa ikaja kupendwa na wanunuzi wa Afrika kuwa ndiyo alama ya ubora. Uigaji, basi, unaweza kuzaa sanaa yenye hadhi yake.

Swali la kihakiki ni jingine: kinachorudiwa ni nini? Katika jora la kanga linalotoka kiwandani, kanga hufuatana moja baada ya nyingine, na mnunuzi wa doti mara nyingi hupewa mbili zilizoshikana ili akazikate na kuzikunga mwenyewe. Mashine inarudia, lakini kipimo chake cha urudiaji ni kanga nzima, ikiwa na pindo lake, mji wake na jina lake. Mkasi hupita kati ya utunzi na utunzi. Katika programu ya kuhariri picha kipimo cha urudiaji ni kigae kilichokatwa ndani ya utunzi. Hakuna mahali pa mkasi kupita kwa sababu hakuna utunzi unaokamilika. Mandharinyuma inayotokea ina rangi za kanga na maua ya kanga, lakini sarufi yake ni ya kitenge: inaendelea pande zote hadi karatasi iikatize.

Mwelekeo huu wa programu una nasaba inayoeleweka. Kitanda cha kufumia cha Jacquard, kilichokamilishwa Ufaransa mwaka 1804, kilitumia kadi zilizotobolewa kuongoza nyuzi, na wazo la kadi hizo likaingia katika historia ya kompyuta kupitia mashine aliyoibuni Babbage. Nakshi ya kufumwa ni mpangilio wa nyuzi unaojirudia. Gridi ya pikseli inafanana nayo mno. Zana ya ruwaza inafaa sana kwa kikoi, ambacho mistari yake hutokana na nyuzi zenyewe, na inafaa kwa kitenge. Kanga haitokani na mantiki hiyo. Nakshi yake imechapwa juu ya pamba iliyokwisha kufumwa, kama ukurasa unavyochapwa. Anayeitendea kanga kama nakshi ya kufumwa amekosea aina ya kazi iliyo mbele yake.

4.2 Jina lililokatwa

Hasara kubwa zaidi ni ya jina. Katika hatua ya tatu iliyoelezwa, maneno ni kero. Ikiwa msanifu atatumia njia ya kioo, herufi zitapinduka na kusomeka kinyume. Akitumia njia ya kusogeza, neno litakatika na nusu yake kuhamia upande wa pili. Njia rahisi ni kuepuka sehemu yenye jina, au kulifuta kwa kunakili maua juu yake. Hivyo jina huondolewa kwa sababu linazuia urudiaji, bila mtu yeyote kuamua kwamba halina thamani.

Palipo na mabaki ya jina, hali huwa mbaya zaidi, na sababu yake imo katika sarufi ya Kiswahili. Ukanushi wa Kiswahili hukaa mwanzoni mwa kitenzi kwa njia ya viambishi. Ichukuliwe kanga yenye methali «Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha». Ukingo wa kigae ukipita baada ya herufi tatu za kwanza, kinachobaki ni «sahau ubaharia kwa sababu ya unahodha». Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, haina alama yoyote kwamba imepunguzwa, na inaamrisha kile ambacho methali inakataza. Katika bango la A2 amri hiyo potofu ingeweza kurudiwa zaidi ya mara mia moja.

Hata jina likibaki zima bado kuna jambo. Beck (2001) anaonesha kuwa nguvu ya jina imo katika utata: mvaaji anaweza kulielekeza kwa jirani, kisha akasema kwamba alijivalia kanga tu. Utata huo unahitaji mtu aliyevaa, mtu anayeona, na siku yenyewe. Mandharinyuma haina mvaaji. Jina lililorudiwa nyuma ya ratiba ya sherehe halimsemi mtu wala halikanushwi na mtu. Kwa mantiki hiyo uhifadhi wa maneno peke yake hautoshi. Ni lazima yapewe mahali pa kusimama ambapo msomaji ataweza kujua ni nani anayeyasema.

4.3 Kanga yenye uso wa gunia

Suala la tatu linahusu umbile. Kichujio cha turubai au gunia huchukulia kwamba uso wa kitambaa ni mabonde na vilima vinavyoangaziwa na taa kutoka upande mmoja. Ndiyo maana humtaka msanifu achague mwanga utoke wapi. Dhana hiyo inafaa nyuzi nene. Kanga ni pamba nyepesi yenye ufumaji sahili, na kwa umbali wa kawaida wa kutazamwa nyuzi zake hazijitokezi. Kinachomjulisha mtazamaji kuwa anatazama kanga ni mambo mengine: rangi chache zilizojaa, mipaka ya rangi isiyolingana kabisa pale chapa zilipopishana, upande wa nyuma uliopauka kuliko wa mbele, na mikunjo inayovunja nakshi bila kuipoteza. Msanifu anayetia umbile la gunia kwa nia ya kuongeza uhalisi anaongeza uhalisi wa gunia. Aidha, umbile hilo hupakwa kwa usawa juu ya picha nzima, likipita juu ya kivuli cha mkunjo na juu ya sehemu iliyonyooka bila kubadilika. Uso wa namna hiyo haupatikani katika nguo yoyote iliyowahi kuvaliwa.

5.0 Hoja Kinzani

Hoja ya kwanza inayoweza kutolewa ni kwamba kanga za mwanzo hazikuwa na maneno, na kwamba kanga ya kisutu ina mji uliojazwa vijinakshi vidogo vinavyojirudia. Hivyo urudiaji si ugeni. Hoja hii ina ukweli, na inasaidia kulitia makali dai la makala haya. Kisutu hurudia ndani ya pindo. Macho hupita juu ya vijinakshi hivyo yakijua kwamba yataufikia ukingo. Anayetaka mandharinyuma yenye urudiaji ana ruhusa ya kitamaduni kuichukua kisutu, mradi aichukue pamoja na pindo. Kuhusu maneno, jambo la kuzingatia ni kwamba kanga isiyo na jina ilitungwa bila jina. Nafasi yake ya chini haikuwa imebomolewa.

Hoja ya pili ni kwamba watumiaji wenyewe huikata kanga. Hushonwa magauni, mito, mikoba na mbeleko. Kwa nini msanifu wa picha azuiwe kufanya afanyalo fundi cherehani? Jibu limo katika mkono wa fundi huyo. Fundi mahiri anayeshona gauni la kanga hulipeleka pindo kwenye upindo wa sketi, kwenye mikono au kifuani. Huupanga mji uangukie mgongoni au mbele. Na hufikiri jina litatokea wapi. Hukata kwa kuisoma kanga. Kigae cha mraba hukatwa kabla kanga haijasomwa, kwa vipimo vilivyopendekezwa na programu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: mandharinyuma, kwa kazi yake, hupaswa kunyamaza ili maandishi ya mbele yasikike. Hapa mgongano ni wa kweli. Kanga ilitungwa iseme, na mandharinyuma inatakiwa ikae kimya. Kufifisha rangi hadi maua yabaki kama kivuli hakuumalizi mgongano huo, bali huificha kanga mahali ilipoitwa ili ionekane. Iwapo kazi inahitaji usuli wa kimya kweli, kitenge chenye rangi mbili au ruwaza ya mistari ya kikoi itaifanya kazi hiyo vizuri zaidi na kwa uaminifu. Iwapo kazi inamhitaji mtazamaji aikumbuke kanga, basi msanifu hana budi kuipa kanga nafasi ya kusema.

6.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Uhakiki wa mbinu hauna manufaa usipoonesha kuwa kuna namna nyingine ya kuitumia. Vipimo vyenyewe vinatoa mwanya. Uwiano wa kanga, sentimita 150 kwa 110, ni takriban 1.36. Uwiano wa karatasi za mfululizo wa A ni takriban 1.41. Kadi ya A5 iliyolazwa ina milimita 210 kwa 148. Kanga nzima ikipunguzwa hadi upana wa milimita 210, kimo chake kitakuwa milimita 154. Tofauti ni milimita 6 tu. Karatasi ya kadi, kwa hiyo, ina umbo linalokaribiana sana na la kanga, na hakuna sababu ya kijiometri ya kuikata vipande.

Wala hakuna sababu ya kiufundi. Picha moja ya pikseli 4,000 kwa 3,000, inayoweza kupigwa kwa simu nyingi za siku hizi, inazidi mahitaji ya kadi ya A5 kwa nukta 300 kwa inchi, ambayo ni pikseli 2,480 kwa 1,748. Kanga ikitandikwa sakafuni, ikanyooshwa na kupigwa picha kutoka juu katika mwanga uliotawanyika, itaingia yote. Herufi yenye kimo cha sentimita 4 kwenye kitambaa itabaki na kimo cha milimita 5.6 kwenye kadi, nayo husomeka bila shida.

Milimita 6 zilizozidi zinaweza kuondolewa bila kuliumiza pindo. Picha hugawanywa katika sehemu tisa: pembe nne, kingo nne na kati. Pembe haziguswi. Kingo hufupishwa au kurefushwa kwa upande mmoja tu, kwa kupunguza au kuongeza idadi ya vinakshi vyake vizima. Kati hurekebishwa kwa pande zote mbili. Kanuni hiyo si ngeni katika usanifu wa kompyuta. Brashi za ruwaza za Illustrator, kwa mfano, humtaka msanifu aandae kigae cha pembe tofauti na kigae cha ubavu. Programu inalijua pindo. Ni desturi ya kazi isiyolidai.

Linabaki suala la jina. Katika kadi ya mwaliko mahali pa jina panaweza kutumiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuliacha jina la kanga lilivyo, na kuweka maelezo ya sherehe katikati ya mji, juu ya eneo lililosafishwa kwa kusudi hilo. Mwenye sherehe atakuwa ameichagua kanga kwa sababu ya jina lake, kama anavyochagua ya kumpa mwali. Ya pili ni kuandika maneno ya mwenye sherehe mahali pa jina, kwa herufi kubwa, juu ya pindo la chini. Katika njia zote mbili jina linarudishiwa msemaji: anayealika ndiye anayesema, na anayepokea kadi ndiye anayeambiwa. Masharti ya mawasiliano yaliyopotea katika vigae 133 yanapatikana tena katika kadi moja.

Kuhusu umbile, inapendekezwa kwamba chengachenga na vichujio vya turubai viachwe, na badala yake mkunjo mmoja au miwili ya kanga halisi ihifadhiwe wakati wa kupiga picha. Kivuli cha mkunjo wa kweli hueleza wepesi wa pamba kuliko umbile lolote la kubandikwa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kuwa mandharinyuma za kanga zinazotengenezwa kwa urudiaji wa kigae hubadilisha muundo wa kanga, na kwamba badiliko hilo lina athari za kifasihi na si za kimapambo pekee. Pindo likiondolewa, jina hukosa mahali. Jina likikosa mahali, kanga hukosa msemaji. Imebainika pia kwamba chanzo cha tatizo si unakilishaji, kwa kuwa kiwanda nacho hunakili, wala si uwezo mdogo wa programu, kwa kuwa nyenzo za kutunza pembe na kingo zimo ndani yake. Chanzo ni uteuzi wa kipimo, unaofanywa mapema na mara nyingi bila kujadiliwa, wakati msanifu anapoweka kanga juu ya kioo cha skana na kufunga kifuniko.

Inapendekezwa kwamba wahakiki wa fasihi ya kanga waongeze mandharinyuma za kidijitali katika data zao, na kwamba kila mandharinyuma ichunguzwe kwa maswali matatu: kipimo chake cha urudiaji ni kipi, pindo limekwenda wapi, na ni nani anayelisema jina. Inapendekezwa pia kwamba mafunzo ya usanifu wa picha yanayotolewa kwa Kiswahili yafundishe sehemu za kanga kabla ya kufundisha zana ya ruwaza. Mwanafunzi anayejua pindo, mji na jina ataifungua programu ileile, na atakata mahali pengine.